Vidonge vinane kwa siku: dozi ya dawa mpya za saratani hupatikanaje?

Mei 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha sotorasib, dawa ya saratani ya mapafu na ya kwanza kabisa kuidhibiti protini ya KRAS, ambayo kwa karibu miongo minne ilikuwa imewashinda watafiti. Dozi iliyoidhinishwa ilikuwa miligramu 960 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 120. Lakini idhini ilitoka na deni juu yake: kampuni ilitakiwa ifanye jaribio jingine la kulinganisha 960 na 240.

Sababu ya deni hilo ilikuwa ndani ya takwimu za kampuni yenyewe. Katika awamu ya kwanza ya majaribio wagonjwa walipewa miligramu 180, 360, 720 au 960, na kiasi cha dawa kilichopimwa kwenye damu yao kilikaribiana katika dozi zote nne. Dawa hii haiyeyuki kwa urahisi; utumbo hufyonza hadi kikomo fulani na kinachozidi hutoka kama kilivyoingia. Tena hakuna hata dozi moja kati ya hizo iliyofikia kiwango cha sumu cha kuwazuia watafiti kupanda. Kwa nini basi ikachaguliwa 960? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote zilizojaribiwa.

Namna hiyo ya kuchagua haikuwa uzembe wa kampuni moja. Ndivyo dozi za dawa za saratani zilivyotafutwa kwa zaidi ya nusu karne: panda mpaka mgonjwa ashindwe kuvumilia, shuka ngazi moja, andika kwenye lebo. Hoja ya makala hii ni kwamba utaratibu huo ulikuwa na maana yake kwa dawa za zamani, umepitwa na dawa za sasa, na gharama ya kuuendeleza inawaangukia wagonjwa na wanaowalipia dawa. Swali la dozi ndogo inayofanya kazi yote lazima liulizwe kabla dawa haijasajiliwa. Ikishaingia sokoni, karibu hakuna mwenye haja ya kuliuliza.

Tuanze na maana yake ya zamani. Katika miaka ya 1960 Howard Skipper na wenzake huko Alabama walionyesha kwenye panya wenye saratani ya damu kwamba kila dozi ya tibakemikali huua sehemu ileile ya seli, si idadi ileile. Dozi inayoua seli 99 katika kila 100 itaacha seli milioni 10 kati ya bilioni moja, inayofuata itaacha laki moja, na kuendelea. Ukiongeza dozi, sehemu inayokufa inakuwa kubwa zaidi. Kwa dawa zinazoharibu vinasaba vya kila seli inayogawanyika, hesabu hiyo ilisimama, na kikomo pekee kilikuwa uboho na utumbo wa mgonjwa. Kutoka hapo ikazaliwa imani kwamba dawa isiyoumiza haiponyi.

Imani hiyo ilifikia kilele chake katika miaka ya 1990, pale maelfu ya wanawake wenye saratani ya matiti, hasa Marekani, walipopewa dozi kubwa mno za tibakemikali kisha wakarudishiwa uboho wao ili wasife. Mwaka 1999 matokeo ya majaribio makubwa yalipowekwa hadharani, karibu yote hayakuona faida. Lililoona faida kubwa lilitoka Johannesburg, la Werner Bezwoda, na wakaguzi walipokwenda huko Januari 2000 likaporomoka: kumbukumbu hazikulingana na kilichotangazwa. Ndoto ya dozi kubwa ilikuwa imesimama juu ya udanganyifu wa mtu mmoja na matumaini ya wengi.

Utaratibu wa kutafuta dozi, hata hivyo, haukubadilika. Unaitwa tatu kwa tatu na hauhitaji hata kikokotoo. Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya ile iliyowadhuru vikali asilimia 10 ya panya, baada ya kugeuzwa kwa hesabu ya eneo la mwili. Wagonjwa watatu wanaipata. Wakimaliza siku 21 au 28 bila yeyote kupata sumu kali, watatu wengine wanapewa dozi ya juu yake. Akiumia mmoja, wanaongezwa watatu kwenye dozi ileile. Asipoumia mwingine, wanapanda. Wakifika wawili, kupanda kunakoma, na ngazi ya chini yake ndiyo inayotangazwa kuwa dozi ya juu inayovumilika. Nyongeza kati ya ngazi na ngazi hupungua kadiri wanavyopanda: asilimia 100, kisha 67, 50, 40 na 33.

Sasa fanya hesabu ambayo ni wachache huifanya. Chukua dozi ambayo kwa kweli inawaumiza vikali watu 30 katika kila 100. Uwezekano wa watatu wa kwanza kupita salama ni 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani 0.343. Uwezekano wa mmoja kuumia na watatu wanaofuata kupita salama ni 0.441 × 0.343, karibu 0.151. Jumla ni 0.494. Maana yake ni kwamba mbele ya dozi ambayo wengi wangesema isivukwe, utaratibu huu unaivuka nusu ya nyakati na kukoma nusu ya nyakati. Hata dozi inayowaumiza nusu ya wagonjwa huvukwa mara 17 katika 100. Na mwisho wa safari, dozi ikichaguliwa kwa sababu kati ya sita ameumia mmoja, kwa uhakika wa asilimia 95 kiwango halisi cha sumu kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 0.4 na 64. Juu ya msingi huo ndipo jaribio la mamia ya wagonjwa hujengwa.

Zipo njia bora, na si mpya. Mwaka 1990 John O'Quigley na wenzake walichapisha utaratibu unaotumia takwimu za wagonjwa wote waliotangulia, si watatu wa mwisho tu, kukadiria upya uhusiano wa dozi na sumu kila mgonjwa mpya anapoingia. Wengi waliuogopa kwa sababu kompyuta ndiyo iliyoamua. Baadaye ukaja wa BOIN, ambao FDA iliukubali rasmi Desemba 2021, na wenyewe ni mwepesi: ukilenga sumu kali isiyozidi asilimia 30, unapanda kama waliodhurika kwenye dozi uliyopo hawazidi uwiano wa 0.236, unashuka wakifika 0.358, na katikati unaongeza wagonjwa papo hapo. Jedwali lote linaandaliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza na linakaa kwenye karatasi moja.

Lakini hata utaratibu bora wa kutafuta dozi ya juu inayovumilika unabaki kuwa jibu zuri la swali baya. Dawa za sasa, zile zinazoziba kimeng'enya fulani au kushika kipokezi fulani, hazifuati hesabu ya Skipper. Zina ukomo. Kiwango cha dawa damuni kikilingana na kile kinachoziba nusu ya malengo, umeziba asilimia 50. Ukikizidisha mara mbili unafika 67. Lakini kama tayari kiko mara tisa ya hapo, umeziba asilimia 90, na ukikizidisha mara mbili unapata 94.7. Umelipa dozi nzima ya pili kwa nyongeza isiyofika pointi tano, na wakati huohuo dawa imeanza kushika vimeng'enya vingine ambavyo haikukusudiwa kuvigusa. Madhara mengi hutoka huko.

Imatinib ilionyesha hili mapema, kabla hata ya idhini yake ya Mei 2001. Katika awamu ya kwanza Brian Druker na wenzake waliwapa wagonjwa wa saratani ya damu aina ya CML dozi kuanzia miligramu 25 hadi 1,000 na hawakupata dozi ya juu inayovumilika. Waliona jambo lenye manufaa zaidi: kati ya wagonjwa 54 waliopata miligramu 300 au zaidi, 53 damu yao ilirudi katika hali ya kawaida. Ikachaguliwa 400. Fundisho lilikuwa limewekwa mezani, na kwa miaka 20 iliyofuata dawa moja baada ya nyingine ikatengenezwa kana kwamba hakuna aliyelisoma.

Ponatinib ndiyo mfano unaouma zaidi, nayo ni dawa ya ugonjwa huohuo. Awamu ya kwanza ilisimamishwa na kuvimba kwa kongosho kwenye miligramu 60, ikachukuliwa 45, idhini ikatoka Desemba 2012. Oktoba 2013 mauzo yalisitishwa Marekani: wagonjwa walikuwa wakipata kiharusi, mshtuko wa moyo na kuziba kwa mishipa ya miguu. Madhara hayo hayatokei katika siku 28. Yanajijenga kwa miezi, na dirisha la kuangalia sumu lilikuwa limefungwa zamani. Dawa ilirudishwa sokoni kwa masharti, na ikabidi lifanyike jaribio la OPTIC, ambapo wagonjwa waligawanywa kwa kura waanze na 45, 30 au 15, na wa makundi mawili ya juu washushwe hadi 15 mara ugonjwa unapopungua kufikia kiwango cha asilimia 1. Baada ya mwaka mmoja waliofikia lengo hilo walikuwa asilimia 44, 29 na 23 kwa mfuatano. Kumbe dozi kubwa ilikuwa na kazi yake ya kuanzia. Kosa lilikuwa kumwacha mgonjwa humo baada ya kazi kwisha. Lebo ilibadilishwa Desemba 2020, miaka minane baada ya idhini.

Gemtuzumab ozogamicin, dawa ya saratani ya damu, nayo iliidhinishwa mwaka 2000 kwa miligramu 9 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara mbili, siku 14 zikipita katikati. Mishipa midogo ya ini iliziba kwa baadhi ya wagonjwa, vifo vya mapema vikaonekana, na mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Marekani. Watafiti wa Ufaransa hawakukata tamaa nayo. Walijua kwamba kipokezi cha CD33 inachokishika humezwa ndani ya seli na kingine huota juu yake ndani ya siku chache, kwa hiyo sindano ndogo tatu, miligramu 3 kwa mita ya mraba siku ya 1, ya 4 na ya 7, zingeikuta seli ikiwa na shabaha mpya kila mara. Septemba 2017 dawa ilirudi na ratiba hiyo. Molekuli ni ileile. Kwa miaka saba ilikuwa imezikwa kwa kosa la kalenda na mizani.

Nyingine nizipitie haraka. Dasatinib iliingia mwaka 2006 kwa miligramu 70 mara mbili kwa siku. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 100 mara moja, baada ya jaribio la makundi manne kuonyesha kwamba ugonjwa ulidhibitiwa vilevile huku maji kwenye utando wa mapafu yakishuka kutoka asilimia 16 ya wagonjwa hadi 7. Ceritinib iliingia mwaka 2014 kwa miligramu 750 tumbo likiwa tupu, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walilazimika kupunguziwa kwa sababu ya kuhara na kutapika. Miaka mitatu baadaye ikathibitika kwamba 450 pamoja na chakula hufikisha kiasi kilekile damuni na tumbo likatulia. Cabazitaxel ya saratani ya tezi dume ilishuka kutoka 25 hadi 20 kwa mita ya mraba.

Msomaji asije akadhani kwamba kupunguza ni jibu daima. Lenvatinib, ya saratani ya tezi ya shingo, ilipimwa kwa 24 dhidi ya 18. Baada ya wiki 24 uvimbe ulikuwa umesinyaa kwa asilimia 57 ya waliopata 24, na asilimia 40 ya waliopata 18, wakati sumu haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Hapo dozi kubwa ilistahili. Ndiyo maana hoja si dozi ndogo, hoja ni kulinganisha. Na ndiyo maana mgonjwa anayesoma haya asikate kidonge chake vipande viwili nyumbani: hakuna anayeweza kujua dawa yake iko upande gani wa mfano huu mpaka iwe imepimwa.

Mwaka 2021 FDA ilianzisha mpango iliouita Optimus, na Agosti 2024 ikatoa mwongozo wake wa mwisho. Kiini chake ni kwamba kampuni ije na angalau dozi mbili zilizolinganishwa kwa kura kabla ya kuomba idhini, wala haidaiwi idadi ya wagonjwa ya kuthibitisha kwamba moja imeishinda nyingine. Kwa vitendo, kazi inayofanywa vizuri huwa hivi. Ngazi za mwanzo, ambako hakuna anayetarajia sumu, hupewa mgonjwa mmoja mmoja ili wachache wapoteze muda kwenye dozi zisizo na nguvu. Damu huchukuliwa kabla ya kidonge na mara kadhaa baada yake, dakika 30 hadi saa 24, kisha tena dawa inapokuwa imetulia mwilini. Kunapoonekana dalili ya kwanza ya uvimbe kusinyaa, wagonjwa huongezwa nyuma, kwenye dozi zilizokwisha kupita salama, huku wengine wakiendelea kupanda. Hapo ndipo unapata watu 10 au 15 kwenye kila dozi badala ya watatu. Kipande cha uvimbe huchukuliwa kabla na baada ya dawa, ili kuona kama kimeng'enya kweli kimezibwa. Kisha dozi mbili huchaguliwa na wagonjwa hugawanywa kwa kura, mara nyingi 20 hadi 50 kila upande.

Kipimo cha ushindi katika hatua hiyo ya mwisho hakiwezi kuwa kusinyaa kwa uvimbe peke yake. Ukiwa na wagonjwa 30 na tisa kati yao wakapata nafuu, asilimia 30 yako inaweza kuwa 15 au 49. Kinachosema zaidi ni wangapi walisimamisha dawa, wangapi walipunguziwa, walimeza asilimia ngapi ya dozi waliyoandikiwa, na wao wenyewe wanasemaje. Mizani ya kawaida ya madhara huenda daraja la 1 hadi la 5, na awamu ya kwanza kwa kawaida hujali la 3 kwenda juu. Kuharisha mara nne hadi sita kwa siku kuliko kawaida yako ni daraja la 2. Kwa dripu ya kila wiki tatu mtu huvumilia. Kwa kidonge cha kila siku kwa miaka miwili, hiyo ni kazi iliyoachwa na safari zisizowezekana, na mwisho wake mgonjwa huanza kuruka vidonge bila kumwambia daktari.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa ni machache na yanajulikana. La kwanza ni kuchagua dozi mbili zinazokaribiana mno. Kama kiwango damuni hutofautiana kwa asilimia 50 kati ya mgonjwa na mgonjwa, jambo la kawaida kwa vidonge, basi kundi la 200 na kundi la 300 yamechanganyika na jaribio halitaona kitu. Tofauti iwe mara mbili au tatu. La pili ni kulinganisha wagonjwa wa dozi ya chini walioingia mapema, wakiwa wamechakazwa na tiba nyingi, na wa dozi ya juu walioingia baadaye wakiwa na nguvu.

La tatu ni la hila zaidi, nalo limewapotosha hata wataalamu. Ukichora mchoro wa wagonjwa waliopewa kingamwili kama pembrolizumab, utaona kwamba wenye dawa nyingi damuni wanaishi zaidi. Utashawishika kuongeza dozi. Kumbe mgonjwa aliyekondeshwa na saratani huzivunja protini zote haraka, dawa ikiwemo. Damu yake ina dawa kidogo kwa sababu yu mahututi, na anakufa mapema kwa sababu hiyohiyo. Wagonjwa walipogawanywa kwa kura kati ya miligramu 2 na 10 kwa kilo, tofauti ya mara tano, matokeo hayakuachana. Mchoro wa damu na matokeo, bila kura, ni shahidi wa kuhojiwa sana.

Na deni la sotorasib? Lililipwa. Wagonjwa 209 waligawanywa. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 32.7 ya waliomeza 960 na asilimia 24.8 ya waliomeza 240, na nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 13.0 na 11.7 kwa mfuatano. Desemba 2023 FDA iliridhika kwamba 960 ibaki. Naona uamuzi huo unaeleweka lakini unaonyesha ubaya wa kuuliza swali mwishoni. Tofauti ya pointi 8 kwa idadi ile inaweza kuwa ya kweli au ya bahati, na kwa mgonjwa aliyekwisha kuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa hakuna daktari atakayecheza kamari upande wa chini. Zaidi ya hayo kuna kitu ambacho jaribio hilo halikukigusa: kubadili umbo la kidonge ili kiyeyuke vizuri. Swali hilo ni la mwaka wa kwanza wa maabara, si la mwaka wa pili sokoni.

Pesa zina sauti yake hapa. Vidonge vingi vya saratani huuzwa kwa bei ileile ya kila kidonge bila kujali miligramu zilizomo, au kwa bei inayopanda kidogo tu. Ibrutinib, dawa ya saratani ya damu, ni kielelezo. Watafiti wa Texas walikuwa wameonyesha, kwa wagonjwa wachache, kwamba kimeng'enya chake hubaki kimezibwa hata dozi ikishushwa kutoka 420 hadi 280 kisha 140. Mwaka 2018 ikaja mipango ya kuuza vidonge vya nguvu zote kwa bei moja, hivyo anayehitaji kidogo angelipa sawasawa na anayehitaji kingi. Kelele zikapigwa na mpango ukalegezwa. Hakuna haja ya kumtafuta mwovu. Kampuni haiwezi kugharamia jaribio litakalopunguza mauzo yake, na madaktari hawana fedha za kulifanya wenyewe.

Kwa hospitali za Afrika Mashariki jambo hili lina sura mbili. Ya kwanza ni kwamba dozi zinazotufikia zilitafutwa kwenye miili mingine. Pembrolizumab ilianza kwa miligramu 2 kwa kilo, kisha ikafanywa 200 kwa kila mtu, ambayo ni dozi ya mtu wa kilo 100. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji 120. Zile 80 zinazobaki analipia bure kila wiki tatu. Chupa ni ya miligramu 100, kwa hiyo akihudumiwa peke yake hutafungua chini ya chupa mbili. Lakini wagonjwa wawili wa kilo 75 wakipangwa siku moja watatumia chupa tatu badala ya nne, mradi mfamasia ana kabati safi la kuchanganyia na ratiba inayoheshimiwa.

Kuna pia suala la chembe nyeupe. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu zao, na watu wa namna hiyo huwa na nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, chache damuni bila ugonjwa wowote. Majaribio mengi hukataa mgonjwa mwenye chini ya 1,500 kwa kila maikrolita, na lebo nyingi huamuru dozi ipunguzwe au isimamishwe chini ya hapo. Mtu ambaye 1,300 ndiyo hali yake ya siku zote atakataliwa na jaribio, kisha, dawa ikishafika kwetu, atapunguziwa dozi kwa madhara ambayo hakuyapata. Hapo Mwafrika anapewa dozi pungufu, na hilo halitaonekana popote kama hatuandiki kipimo cha damu cha kabla ya tiba.

Sura ya pili ni kwamba maswali ambayo kampuni hazitayauliza yanaweza kuulizwa na wenye kuyahitaji. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, ambayo wagonjwa wengi kutoka Tanzania na Kenya wanaifahamu, iliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo nivolumab, kingamwili inayofanana na pembrolizumab, miligramu 20 kila wiki tatu, karibu asilimia 6 ya dozi ya kawaida, juu ya vidonge vya bei nafuu. Kati ya wagonjwa 151, walioishi mwaka mmoja walikuwa asilimia 43.4 kwa waliopata nivolumab na 16.3 kwa wasioipata. Jaribio hilo halikuilinganisha 20 na dozi kamili, kwa hiyo halisemi kwamba zinalingana. Linasema 20 ni bora kuliko hakuna, na kwa wengi hilo ndilo chaguo halisi.

Abiraterone iko karibu nasi zaidi, maana saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume wetu. Lebo inaagiza vidonge vinne vya miligramu 250 tumbo likiwa tupu. Ikimezwa na chakula chepesi chenye mafuta kidogo, kiasi kinachoingia damuni huongezeka mara tano. Na mlo wa mafuta mengi, mara kumi. Mwaka 2018 Russell Szmulewitz na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 72: kidonge kimoja na kifungua kinywa chepesi dhidi ya vinne tumbo tupu. Kushuka kwa PSA, protini ya damuni inayotumika kufuatilia saratani hiyo, katika wiki 12 hakukuwa pungufu, na ugonjwa ulianza kusonga tena baada ya karibu miezi 9 pande zote mbili. Udhaifu wake ni idadi ndogo, na kwamba PSA si maisha.

Kulithibitisha hilo hapa kunahitaji nini? Tuseme nusu ya wagonjwa huitikia dozi kamili, na tunakubali kupoteza si zaidi ya pointi 10. Kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu hesabu inadai wagonjwa 392 kila upande, sema 400. Hakuna hospitali moja itakayowapata upesi, ila Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi, Eldoret na Kampala zikishirikiana inawezekana, na Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina utaratibu wa mamlaka za dawa kutathmini kwa pamoja. Mwongozo wa mlo uandikwe kwa chakula chetu: chai na vipande viwili vya mkate mkavu, au uji, si chapati wala maandazi, kwa sababu mafuta ya kukaangia yatabadili dozi bila mtu kujua. Kadi ya mgonjwa iwe na nafasi ya kuandika alichokula na saa aliyomeza. Potasiamu, shinikizo la damu na vipimo vya ini vifuatwe kila mwezi, na prednisolone inayomezwa pamoja na abiraterone iendelee pande zote mbili. Kuhusu gharama, mifuko ya bima inayolipia abiraterone ianze kwa kupiga hesabu moja: wagonjwa 400 wakimeza kimoja badala ya vinne huacha kwenye rafu vidonge 36,000 kila mwezi jaribio linapoendelea.